Somo: Risasi ipi inaifaa rivolva ya baruti nyeusi iliyobadilishwa silinda?

Wanachama, salamu. Swali hili limerudi mara nyingi hadi nimeona heri niliandikie somo zima. Mtu ana rivolva ya kushindilia, yaani baruti na kichwa hujazwa kwa mkono, tuseme nakala ya Remington ya 1858 au Colt ya 1860, ile ya fataki sita nyuma (vifuniko vidogo vya kuwashia baruti). Anachoka kushindilia na kusugua masizi, ananunua silinda ya pili (kile kipande kinachozunguka na kubeba risasi) inayopokea risasi zenye ganda. Anaipachika, inazunguka, inajifunga vizuri. Halafu anasimama mbele ya maboksi ya risasi na kukwama.

Shika jambo moja. Silinda ndiyo inayosema risasi ya jina gani iingie, lakini fremu na mtutu ndivyo vinavyosema iwe na nguvu kiasi gani. Wengi husikiliza silinda peke yake, kwa kuwa ndiyo mpya, inang'aa, na ni ya chuma kigumu cha kisasa. Wanasahau kwamba imekaa ndani ya bastola iliyoundwa kwa ajili ya baruti nyeusi, na baruti nyeusi ina mwendo wake: presha hupanda taratibu na haifiki mbali. Baruti isiyotoa moshi ni kiumbe kingine kabisa.

Hatua ya 1: Fremu kwanza, risasi baadaye

Toa silinda, utazame fremu kwenye mwanga. Kama ni ya shaba ya manjano, somo lako limeishia hapa. Rudisha silinda ya fataki, endelea na baruti nyeusi. Watengenezaji wa silinda hizi husema wazi kwamba ni za fremu za chuma tu, maana shaba hunyooka na kubonyea polepole, na huoni kitu mpaka siku nafasi kati ya silinda na fremu imekuwa pana.

Kama ni ya chuma, angalia muundo. Remington ina mhimili wa chuma unaopita juu ya silinda, kwa hiyo fremu ni duara lililofungika. Colt za 1851 na 1860 ziko wazi juu; mtutu umeshikwa na kabari moja inayopita ubavuni. Zote mbili hukubali silinda ya kubadilisha, ila ya Colt inataka jicho kali zaidi kwenye ile kabari. Ikianza kulegea baada ya risasi chache, usiigonge iingie ndani zaidi ukaendelea. Simamisha zoezi.

Ukiwa hapo tafuta pia mihuri. Nakala nyingi hutoka Italia, na bastola iliyojaribiwa huko kwa baruti nyeusi hubeba herufi PN, yaani polvere nera. Juu ya mtutu mara nyingi kuna onyo la Kiingereza kwamba ni ya baruti nyeusi tu. Onyo hilo halifutiki kwa sababu umebadilisha silinda.

Hatua ya 2: Soma silinda, usisome mtutu

Hapa ndipo majina yanapotuchezea. Namba kama .44 hutaja upana kwa sehemu za inchi, lakini bastola iliyoandikwa .44 haipokei risasi iitwayo .44. Mtutu wake kwa kweli una upana wa karibu inchi 0.451, kwa hiyo silinda yake ya kubadilisha kwa kawaida hutobolewa kwa .45 Colt, risasi iliyotoka 1873. Iliyoandikwa .36 ina mtutu wa karibu inchi 0.375, na silinda yake huwa ya .38. Ukinunua kwa kufuata maandishi ya mtutu, utarudi nyumbani na boksi lisilokufaa.

Na neno "arubaini na tano" lenyewe si jina la risasi moja. Kuna .45 Colt, ndefu na yenye ukingo kwenye kitako. Kuna .45 Schofield, fupi kidogo. Kuna .45 ACP, ya bastola za kisasa za magazini. Niliwahi kuuziwa boksi na mtu aliyeniambia bila wasiwasi kwamba arubaini na tano ni arubaini na tano. Nililifungua nikiwa nimeshafika uwanjani. Tangu siku hiyo nasoma maandishi ya kitako cha ganda, si ya boksi tu, na nasoma palepale dukani.

Hatua ya 3: Nguvu

Jina likishapatana, bado hujamaliza. Chama cha viwanda vya silaha na risasi vya Marekani, SAAMI, huweka kikomo cha presha kwa kila risasi, kwa pauni kwa inchi ya mraba. .45 Colt ya kawaida ni 14,000. .38 Special ni 17,000, na ile yenye alama ya +P, yaani iliyoongezwa presha, ni 20,000. .45 ACP ni 21,000. .357 Magnum ni 35,000. Zisome tena polepole uone umbali kati ya ya kwanza na ya mwisho.

Lakini kuna mtego ambao namba hizo hazikuonyeshi. Zipo .45 Colt zinazojazwa nguvu kupita kikomo hicho kwa ajili ya rivolva nzito za kisasa kama Ruger. Jina lilelile, urefu uleule, zinaingia kwenye silinda yako kama kidole kwenye pete. Kinachozitofautisha ni sentensi moja kwenye boksi inayosema ni za bastola fulani tu. Sentensi hiyo haikuwekwa kwa mapambo. Alama ya +P nayo, kwenye risasi yoyote, kwako maana yake ni "hapana".

Unachotafuta ni zile ziitwazo risasi za kauboi: kichwa cha madini ya risasi pekee, mwendo wa pole, zilizoundwa kwa mashindano ya silaha za kizamani. Kwenye mashindano ya SASS, chama cha Marekani cha ulengaji wa kikauboi, rivolva hairuhusiwi kupita futi 1000 kwa sekunde, na risasi nyingi za aina hii huwa chini ya hapo kwa mbali. Karatasi iliyokuja na silinda yako ikitaja kikomo kidogo zaidi, fuata karatasi.

Hatua ya 4: Kichwa kiwe risasi kweli

Kiswahili chetu kimetusaidia hapa bila kukusudia: madini ya risasi na risasi ya bunduki ni neno moja. Basi kwa bastola hii liwe moja kweli. Kichwa kilichovikwa shaba nyekundu ni kigumu. Hukataa kuingia kwenye mikwaruzo ya mtutu (ile mifereji ya ndani inayokizungusha), presha hupanda, na mtutu wenyewe, ambao chuma chake ni laini, huliwa. Kichwa cha risasi laini kilichopakwa mafuta hujibonyeza, huziba njia vizuri, kisha huondoka.

Hatua ya 5: Ijaribu bila kufyatua

Silinda ikiwa nje ya bastola, dondosha risasi moja moja kwenye kila chemba, yaani kila tundu la silinda. Iingie kwa uzito wake yenyewe na ikae sawa. Ukilazimika kusukuma kwa dole gumba, kuna kasoro. Tazama kingo za maganda jirani zisipandane. Schofield ina ukingo mpana kidogo kuliko .45 Colt, na kwenye silinda zilizobanana hiyo inatosha kuleta shida. Kama una maganda matupu au risasi bandia za mazoezi, pachika silinda yakiwa ndani, uzungushe mzunguko mzima. Isikwame popote.

Baruti nyeusi ndani ya ganda? Inakubalika, na kwa fremu hizi ndiyo ya asili. Ukinunua zilizojazwa tayari kwa baruti nyeusi au mbadala wake, vigezo vya jina na kichwa ni vilevile, halafu usafi uwe siku hiyohiyo. Kujaza mwenyewe ni somo jingine. Kwa leo niseme hivi tu: baruti isiyotoa moshi haimwagwi kamwe kwenye silinda ya fataki, hata kidogo, hata kwa majaribio.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, silinda yangu ni ya .38 lakini .357 imeingia hadi mwisho. Si ina maana inafaa?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. .357 ilirefushwa makusudi ilipotolewa mwaka 1935 ili isiingie kwenye chemba ya .38. Kama kwako imeingia, chemba zako zimetobolewa wima bila ngazi ya ndani, na kizuizi pekee kilichobaki ni wewe. Presha yake ni mara mbili ya .38. Itoe.

Swali: Fremu ni ya shaba, ila nitapiga tano tu kupima.

Jibu: Hata moja usipige.

Swali: Kwenye .36 yangu karatasi ya shabaha inaonyesha matundu marefu, kama risasi imepita ubavu. Nimekosea wapi?

Jibu: Hujakosea, ni mtutu. Kichwa cha .38 Special kina upana wa karibu inchi 0.358 na mtutu wako uko kwenye 0.375, kwa hiyo kinayumba ndani. Tafuta kichwa cha risasi laini chenye shimo kwenye kitako. Gesi huutanua mkia wake na kuubana kwenye kuta za mtutu. Zile za zamani za .38 Long Colt zilikuwa na kichwa kipana chenye kisigino chembamba kilichoingia kwenye ganda, kwa sababu hiyohiyo. Wengine huweka mtutu wa ndani. Hiyo ni kazi ya fundi wa silaha.

Swali: Mwalimu, kwa nini silinda yangu ina matundu matano badala ya sita?

Jibu: Ukingo wa .45 Colt ni mpana. Sita zikipangwa wima zinagongana, hivyo wengine hutoboa tano. Wengine hupata sita kwa kuyainamisha matundu kidogo. Zote ni sawa. Ila kama yako ina bamba la nyuma lenye pini kwa kila tundu, usiiangushe ikiwa imejazwa na bamba limefungwa, na nyundo ipumzike juu ya tundu tupu.

Swali: Jana moja imelia "pff" tu, nikaendelea na inayofuata, haikutokea kitu.

Jibu: Shukuru. Mlio dhaifu unaweza kumaanisha kichwa kimebaki ndani ya mtutu, na kinachofuata hukigonga kwa nyuma. Mtutu huvimba au hupasuka. Ukisikia hivyo tena, subiri nusu dakika ukielekeza bastola kwenye shabaha, toa silinda, chungulia kwa nyuma kama mwanga unapita. Usipopita, usichokoe mwenyewe.

Swali: Nimerithi Colt ya asili, iliyobadilishwa zamani hizo za 1870 na kitu. Risasi za kauboi si za pole?

Jibu: Za pole kwa nakala ya chuma cha leo. Hiyo yako ni chuma cha karne ya 19, na kama ni .44 ya wakati ule risasi yake si .45 Colt. Mpelekee fundi anayezijua aipime, na mpaka atakaposema lolote, iache ukutani.

Swali: Na zile zinazouzwa kiwandani zikiwa zimeshabadilishwa, kama Open Top za Uberti, kiwanda cha Italia?

Jibu: Hizo hazikuwahi kuwa za fataki. Zimeundwa tangu mwanzo kwa risasi zenye ganda na hupimwa hivyo. Tumia risasi ya jina lililoandikwa, yenye nguvu ya kawaida. +P bado hapana.

Swali: Nikipachika silinda hii, kibali changu kinabadilika?

Jibu: Katika nchi nyingi ndiyo. Ile uliyomiliki kama nakala ya kale huhesabiwa bastola kamili silinda ikishaingia, na pengine silinda yenyewe inahitaji kibali. Uliza mamlaka ya silaha ya kwenu kabla ya kununua.