Somo: Kupima jeni za artemisinini kwenye vinyweleo vya jani la artemisia

Dawa ya mseto ya malaria tunayopewa zahanati, ALu, ina artemeta, na artemeta hutokana na artemisinini. Mmea wa Artemisia annua huitengeneza artemisinini hiyo ndani ya vinyweleo vya tezi juu ya jani. Kinyweleo kimoja kina seli 10 tu, zimepangana jozi jozi, na juu yake kuna kifuko cha utomvu. Ukisaga jani zima, sehemu kubwa ya RNA (nakala ambazo jeni hutoa zinapofanya kazi) utakayopata ni ya seli za kawaida. Hili likae akilini tangu mwanzo.

Tutapima jeni tatu. ADS ndiyo inayoanza, hugeuza farnesili difosfati kuwa amofadieni. CYP71AV1 huiongezea oksijeni, kisha DBR2 huielekeza kwenye njia ya artemisinini. Aktini itakuwa jeni ya kulinganishia.

Hatua ya 1. Chuma majani machanga ya ncha na yaliyokomaa ya chini, saa ileile ya siku, kwenye mimea isiyopungua mitatu. Usichanganye mimea. Tumbukiza papo hapo kwenye naitrojeni ya kimiminika.

Hatua ya 2. Saga kwa kinu na mchi vilivyopozwa kwa naitrojeni hadi upate unga laini. Unga ukianza kulowa, umechelewa: vimeng'enya vinaila RNA.

Hatua ya 3. Toa RNA kwa kifurushi maalumu (kit) cha kutolea RNA ya mimea. Artemisia ina fenoli nyingi, kemikali za mmea zinazochafua RNA, na RNA ikitoka na rangi ya kahawia isafishe tena. Uwiano wa 260/280, yaani mwanga unaofyonzwa kwenye nanomita 260 na 280 kuonyesha usafi, uwe karibu na 2.0. Ondoa DNA kwa DNase, kimeng'enya kinachokata DNA, halafu geuza RNA kuwa cDNA, yaani nakala yake ya DNA. Weka na sampuli moja isiyo na kimeng'enya cha kugeuza, ikuonyeshe kama kuna DNA iliyobaki.

Hatua ya 4. Pima kwa mashine ya qPCR, inayozidisha cDNA kwa mizunguko na kuonyesha mzunguko ambao jeni imeanza kuonekana; ikionekana mapema, ilikuwa nyingi. Kisha piga hesabu. Tuseme jani changa limetoa ADS mzunguko wa 22 na aktini wa 20, tofauti 2. Jani lililokomaa limetoa 27 na 20, tofauti 7. Toa 2 kwenye 7, unabaki na 5. Mbili kwa kipeo cha 5 ni 32, basi ADS iko mara 32 zaidi kwenye jani changa. Hesabu hii inasimama tu kama praima zako (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha kunakili jeni) zinakaribia kuzidisha mara mbili kila mzunguko, hivyo zijaribu kwanza kwa cDNA iliyopunguzwa nguvu hatua kwa hatua.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mwalimu. Majani yaliyokaushwa yanafaa?

Marahaba. Kwa RNA hayafai, imeshaharibika. Kwa kupima artemisinini yenyewe yanafaa.

Mwalimu, maabara yetu haina naitrojeni.

Tumia kimiminika cha kuhifadhi RNA, ila kata jani vipande vidogo sana ili kipenye. Jani zima litaoza katikati.

Jeni zimewaka kwenye majani machanga, lakini nimekuta artemisinini nyingi kwenye makubwa. Nimekosea?

Hujakosea, ndugu. Jeni hutangulia, artemisinini hufuata. Hatua ya mwisho inaaminika haihitaji hata kimeng'enya: asidi ya dihidroartemisiniki hugeuka yenyewe kwa mwanga na oksijeni, na artemisinini hujikusanya.

Nilipulizia jasmonati, homoni ya mimea, ADS ikapanda mara 4. Niandike kwamba jeni imechochewa?

Bado. Jasmonati huweza kuongeza vinyweleo vyenyewe pia. Vihesabu kwa darubini kwenye majani ya matibabu na yasiyopuliziwa. Kisha vitenge kwa kusugua majani na shanga za kioo ndani ya bafa (kimiminika kinachotunza kiwango cha asidi) baridi, chuja, upime RNA ya vinyweleo peke yake. Kama jani zima linaonyesha mara 4 na vinyweleo vilivyotengwa havionyeshi badiliko, kilichoongezeka ni idadi ya vinyweleo.