Namna ya kuisaka ile sauti ya taarabu uliyoisikia utotoni Tanga

Kuna mtu jina la mwalimu wake wa darasa la pili halikumbuki kabisa lakini mpigie mluzi wa taarabu ya zamani uone, anakumalizia beti zote. Sasa kama na wewe una sauti ya hivyo inakuzunguka kichwani na hujui ni ya nani, weka simu chini kwanza. Zile app za kutambua nyimbo zikikutana na taarabu ya santuri mara nyingi zinapiga chenga, na YouTube ukiandika tu "taarabu za zamani" unamwagiwa rusha roho, zile taarabu za kisasa, mpaka unachoka.

Anza na mtu. Mtafute shangazi au bibi mliyekuwa mnaishi nae nyumba ile ile, mpe shikamoo yake, kaa, halafu usimuulize "unakumbuka nyimbo gani", atakujibu nimesahau mwanangu na habari imeishia hapo. We imba. Tena imba vibaya, kosea maneno makusudi, mwanamke wa Ngamiani hapa Tanga hawezi kukaa kimya kiitikio kinavurugwa mbele yake, atakudakia "siyo hivyo we!" na akishaanza anatiririka, maana maneno na tuni vimeshikana, ukivuta kimoja kingine kinakuja chenyewe. Uwe umeshaomba ruhusa na rekoda inatembea. Akihamia kwenye habari za harusi ya nani na nani alimtunza nani usimkatishe, humo humo ndimo mwaka na jina la kikundi vitatoka.

Halafu vyombo. Ukikumbuka gitaa la umeme na besi vinatembea, mwanamke anaimba mbele, na hakuna ule msururu wa fidla wa Unguja, basi anza na Black Star au Lucky Star, vikundi vya hapa hapa Tanga mjini. Na sauti ya kujaribu mwanzo ni ya Shakila binti Said, mtoto wa Pangani, huyu aliimba vikundi vyote viwili kisha akaenda JKT Taarab, amefariki 2016. Kuna CD inaitwa Nyota imekusanya nyimbo za vikundi hivyo viwili, itafute hiyo kabla ya kuzama huko kwingine. Kama aliyeusikia wimbo ni bibi yako na nyumbani kwao kulikuwa na gramafoni, inaweza kuwa Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja, alirekodi Bombay 1928 na Shaaban Robert wetu huyu wa Tanga ndiye aliyemwandikia wasifu.

Ukishapata jina usishangae kusikiliza ukasema "siye huyu". Mara nyingi ndiye. Santuri ndogo wimbo mrefu ulikuwa unakatwa mara mbili, nusu upande A nusu upande B, na wanaopandisha mtandaoni wengine wanaweka upande mmoja tu, sasa kama beti lako lipo upande wa pili utaapa kuwa wimbo siyo wenyewe. Kitu kingine ni spidi, deki ikizungusha haraka sauti inakuwa nyembamba kama ya mtoto, ikizungusha taratibu inakuwa nzito, kwa hiyo punguza au ongeza spidi kidogo kidogo mpaka ile sauti unayoijua itokee.

Na kama kaseti yenyewe ipo bado kwenye boksi uvunguni, usiitumbukize tu kwenye redio kaseti iliyokaa miaka bila kutumika. Futa hedi, kile kichuma kinachosoma utepe, kwa pamba yenye spiriti, na kile kigurudumu cha mpira pia maana kikinata ndicho kinachotafuna utepe. Chomeka kalamu kwenye tundu uzungushe mpaka utepe ukaze, kisha ipeleke mbele mpaka mwisho na uirudishe nyuma yote bila kupleyi, utepe uliogandana unaachana. Waya toka tundu la hedfoni uingie kwenye kompyuta, rekodi upande mzima mara moja, hifadhi kwa WAV, faili la sauti lisilobanwa, kukata baadae. Kuna watu wanashika simu mbele ya spika halafu wanakuletea mikwaruzo na honi za bodaboda, hao wasikupotezee muda.

Faili lipe jina la mwimbaji, kikundi na nani alikuwa na kaseti. Ukiwatumia ndugu WhatsApp litume kama dokyumenti, usirekodi upya kwa voisi.