Unatafuta apatimenti nafuu yenye bili ndani ya kodi? Anzia hapa

Tangazo likiandikwa "kodi ni pamoja na bili zote" usikimbilie kulipia, uliza kwanza hizo bili zote ni zipi. Kuna mwenye nyumba akisema hivyo anamaanisha maji na taka tu, mwingine anaweka na umeme, mwingine na intaneti, gesi ndo mara nyingi unakuta haimo. Mtumie meseji, taja kimoja kimoja, maji, umeme, taka, ulinzi, usafi wa ngazi, intaneti, maegesho. Akikujibu "yote yamo" muombe tena ajibu moja moja, alafu hiyo meseji usiifute.

Nyumba za hivi zinapatikana zaidi kwenye majengo yenye mita moja inayotumiwa na wapangaji wote, yani studio, chumba ndani ya nyumba ya mtu, vyumba vya uani, kwa sababu kugawana bili kila mwezi ni ugomvi na mwenye nyumba anaona bora aiweke kwenye kodi yaishe. Kwa hiyo anza kutafuta huko, na tafuta mwisho wa mwezi watu wanapohama, muulize anayehama kwa nini anaondoka, huyo atakwambia mambo ambayo dalali hawezi kukwambia.

Sasa kitu ambacho watu wengi wanasahau ni KIKOMO. Umeme umo sawa, lakini mpaka uniti ngapi? Uniti moja ni wati 1,000 zikitumika saa nzima, kwa hiyo hita ya kuogea ya wati 5,000 ikiwaka dakika 12 imeshakula uniti moja. Mkiwa wawili na kila mtu anaoga hivyo mara moja kwa siku, mwezi wa siku 30 ni uniti 60, hapo friji na pasi hatujazigusa. Kama kikomo ni uniti 50 basi hiyo nyumba kwenu haina umeme wa bure, ina punguzo tu, na hesabu yake ni tofauti kabisa. Omba kuona bili za miezi mitatu iliyopita, alafu chukua nyumba inayofanana nayo isiyo na bili ndani, jumlisha kodi yake na bili zake, ndo ulinganishe. Anayeshinda nyumbani au mwenye watoto mara nyingi anafaidika, ila wewe unayetoka asubuhi kurudi usiku unaweza kukuta unawalipia majirani.

Ukienda kuiona, kama kuna mita yako peke yako zima kila kitu, chomoa mpaka friji, alafu kaa uiangalie mita dakika chache. Ikiendelea kuhesabu huenda kuna laini ya mtu mwingine imeungwa humo, na kikomo chako kitaliwa na usiyemjua. Chooni weka rangi kidogo kwenye tangi, usiflashi, rudi baada ya nusu saa, ukiona rangi imeshuka bakulini tangi linavuja, arekebishe kabla hujaingia. Siku ya kukabidhiwa funguo piga picha mita zote.

Waulize majirani kama wamewahi kukatiwa maji au umeme wakati kodi wameshalipa, maana bili ipo kwa jina la mwenye nyumba na asipolipa yeye mnaokaa gizani ni nyinyi. Hilo liandikwe kwenye mkataba, nani analipa, kikomo ni kiasi gani, ukizidisha unalipa bei gani kwa uniti, huduma ikikatwa kwa uzembe wake kodi inapunguzwa vipi, na bei ya umeme ikipanda kama anaruhusiwa kupandisha kodi katikati ya mkataba.

Na anayekwambia yuko safarini, nyumba ni rahisi ajabu, utume hela kwanza akushikie, achana naye. Hela inatoka ukishaingia ndani, umeona, umesaini na risiti iko mkononi.