Kabla Hujasaini na Wakala Hollywood

Kabla hujauliza utalipwa dola ngapi kwa wiki, muulize wakala yeye analipwa na nani. Waandishi wa vichekesho vya televisheni Marekani swali hilo walijifunza kwa uchungu. Kwa miaka mingi kampuni kubwa za uwakala zilimfungasha mwandishi, mwigizaji na mwongozaji, zikauza furushi zima kwa studio, na studio ikazilipa ada. Mwandishi akaona nafuu, maana hakatwi kamisheni. Lakini dalali anayelipwa na mwenye nyumba atahangaika vipi ili wewe upunguziwe kodi? Aprili 2019 chama chao, Writers Guild of America, kikawataka wanachama waachane na mawakala waliokataa masharti mapya ya kukomesha ada hizo. Maelfu wakawatimua. Kampuni zikalegea moja baada ya nyingine, ya mwisho kati ya zile kubwa ikiwa WME, Februari 2021.

Sasa piga hesabu. Wakala hukata asilimia 10, meneja mara nyingi 10, wakili 5. Robo ya ujira imekwenda, na kodi ya serikali bado. Si lazima uwe nao wote watatu siku ya kwanza. Kwa sheria ya California, wa kukutafutia kazi ni wakala mwenye leseni. Meneja ni wa kukushauri na kukulea. Anayetaka pesa mkononi kabla hujapata kazi, huyo mkimbie.

Kama mnaandika wawili, na katika vichekesho wako wengi, kaeni chini mapema. Jozi hulipwa ujira wa mtu mmoja, mkagawana. Kodi ya nyumba Los Angeles haigawanyiki hivyo. Mgomo wa waandishi wa 2023, uliodumu siku 148, haukuliondoa hilo. Ulichopata ni kwamba jozi ikiandika skripti, kila mmoja huhesabiwa peke yake katika michango ya pensheni na bima ya afya. Ulifuta pia jambo lililokuwa la aibu: mwandishi wa ngazi ya chini kabisa akiandika kipindi kizima, ada ya skripti ilihesabiwa kuwa imo ndani ya mshahara wake wa wiki. Sasa anapata vyote viwili.

Ulizia basi umehakikishiwa wiki ngapi na skripti ngapi. Katika chumba cha waandishi kila mtu hutupa utani mezani, na wako unaweza kuchekesha nchi nzima katika kipindi ambacho mwenzako ndiye aliyetajwa kuwa mwandishi. Ada ya skripti na malipo ya marudio humfuata aliyetajwa.

Na usimwendee wakala na skripti moja. Akiipenda, neno lake la pili litakuwa: una nyingine?