Ruzuku kwa kikundi cha sanaa cha kijijini: hatua kwa hatua, na kazi yenyewe iko kwenye bajeti

Nimetoka kukaa na kikundi cha ngoma cha Kyela kilichokuwa kinajaza fomu ya mfadhili. Maswali yao ni yaleyale ninayoulizwa na watu wa Rungwe, Makete na Ludewa, kwa hiyo nayaweka hapa.

Hatua ya 1: Tofautisha ruzuku na mkopo

Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri (4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu) ni mkopo. Hauna riba, lakini unarudishwa. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania nao unakopesha wasanii. Wafinyanzi wa Ikombe wanaopeleka vyungu soko la Lyulilo wanaweza kuubeba mkopo, maana chungu kinauzwa. Kikundi kinachoitwa misibani na harusini kwa sahani ya wali na soda kitarejesha kwa kutumia nini? Kiombe ruzuku.

Hatua ya 2: Karatasi

Anza kwa Afisa Maendeleo ya Jamii na Afisa Utamaduni wa halmashauri. Utahitaji katiba, cheti cha usajili, usajili wa BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa), TIN (namba ya mlipakodi), na akaunti ya benki ya kikundi. Jina lifanane kote herufi kwa herufi. Cheti kikisema "Kikundi cha Sanaa" na benki ikaandika "Sanaa Group", kwa mfadhili hao ni watu wawili.

Hatua ya 3: Chagua mfadhili wa saizi yako

Mfuko wa UNESCO unaotokana na Mkataba wa 2005 wa kulinda utofauti wa kazi za utamaduni hufika dola 100,000 kwa mradi. Maombi yake huandikwa kwa Kiingereza au Kifaransa, na ushindani ni wa dunia nzima. Kikundi cha watu 20 kisiuendee peke yake. Tafuta shirika lenye hesabu zilizokaguliwa, muingie kama washirika, na mgawanyo wa fedha uandikwe kabla ya kuomba.

Hatua ya 4: Maelezo ya mradi

Msianze na fomu. Washa simu, warekodi wazee wakieleza ngoma hiyo huchezwa lini na nani anaifundisha, halafu andika kwa Kiswahili. Tafsiri baadaye.

Hatua ya 5: Bajeti

Hapa ndipo usiku unapoishia. Tumia Excel. Bajeti ya Word ukibadilisha nauli moja, jumla inabaki ya jana na hakuna anayeona.

Mfadhili analipia shughuli, lakini kikundi kinaishi kwa vitu vidogo visivyoandikwa na mtu: ngozi, njuga, stoo, vocha ya katibu. Viandike kimoja kimoja. Ukivirundika kwenye "mengineyo", mstari huo ndio wa kwanza kukatwa. Chukua ngozi. Kyela mvua ni nyingi, ngozi inanywa unyevu, inalegea, basi wapigaji wanaipasha moto kabla ya kucheza. Ikipashwa moto kila mara inakauka na kupasuka pembeni, kwenye vigingi. Kwa hiyo: ngoma 6 × mara 2 kwa mwaka × sh. 40,000 = sh. 480,000 (bei ni ya mfano, ulizeni machinjioni kwenu). Ongeza sentensi moja ya sababu. Mhakiki aliyeko Dar es Salaam hajawahi kuona ngoma iliyolowa.

Sasa posho. Msimamo wangu ni mkali na nimeshagombana na watu kwa ajili yake: lipeni onyesho, msilipe mazoezi. Mazoezi yakishakuwa na posho, ruzuku ikiisha uwanja unabaki na mwenyekiti na katibu. Lakini msiyatoe kwenye bajeti. Yawekeni safu ya mchango wa kikundi: watu 20 × siku 2 kwa wiki × wiki 12 = mahudhurio 480. Kila moja mkilithamini sh. 3,000, mmechangia sh. 1,440,000 bila kutoa senti mfukoni. Ushahidi wake ni kaunta buku la mahudhurio lenye sahihi, lililoanzishwa kabla ya kuomba. Sahihi zote zikiwa za kalamu moja na mwandiko mmoja, heri msilipeleke kabisa.

Angalieni na kalenda. Machi hadi Mei huko Kyela ni mvua na mpunga, hampati wachezaji wala barabara; maonyesho yawe Juni hadi Oktoba. Na fedha huja kwa awamu, ya mwisho mara nyingi baada ya ripoti, kwa hiyo msiweke gari la kukodi mwishoni mkitegemea awamu hiyo. Mkataba ukiwa wa dola, benki itabadilisha kwa bei ya siku fedha inapoingia, si bei mliyopigia hesabu.

Hatua ya 6: Kutuma

Nendeni steshenari, fomu igeuzwe PDF, tuma siku mbili kabla ya mwisho. Picha za WhatsApp zitumwe kama dokumenti, la sivyo zinafifia.

Hatua ya 7: Risiti

Bodaboda na mama wa chai hawana mashine ya EFD (ile ya kutoa risiti za kodi). Wasaini hati ya malipo, waandike na namba ya simu. Risiti za EFD zenyewe maandishi hufutika, hasa zikikaa karibu na joto, kwa hiyo toeni kopi siku hiyohiyo na kopi ibanwe pamoja na risiti halisi.