Somo: Kufufua ngazi ya mbao ya zamani huku watu wakiendelea kupanda

Mbukwenyi wadau. Nilipotaja kwamba nimemaliza ngazi ya nyumbani, baadhi yenu mliomba maelezo. Mimi ni mwalimu, si seremala. Maseremala mliomo humu mtanisahihisha, na najua hamtachelewa.

Nyumba yetu ipo Dodoma mjini, ya ghorofa moja, ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1970, siku zile uamuzi wa 1973 wa kuhamishia makao makuu hapa ulipoanza kuleta watu na saruji. Ngazi ina vidato 14 vya mninga, ila kwa miaka mingi hakuna aliyejua kwamba ni mninga. Pembeni ilipakwa rangi ya mafuta ya kijani. Chini yake kulikuwa na vanishi nyeusi kama chai ya rangi iliyosahaulika jikoni. Na katikati, pale miguu inapopita, polishi nyekundu ya sakafu. Ndiyo, ile ile ya saruji. Marehemu mama mkwe aliona mbao zimepauka, akawa anazipaka kila Jumamosi pamoja na sebule.

Kabati ukilivua rangi unalitoa uani, hata likikaa wiki mbili hakuna anayelia. Ngazi haitoki na haifungwi. Kwetu watoto wanalala juu, choo kipo chini. Kwa hiyo kabla ya kufungua kopo lolote jiulize: leo usiku watu watapandaje? Ratiba yangu yote imetoka kwenye swali hilo.

Msimu wa kazi

Mvua zetu huanza Desemba na kuisha Aprili. Mimi nilianza mwishoni mwa Mei. Mbao zimeshakauka, na ule upepo wa Agosti na Septemba unaoingiza vumbi hadi kwenye sahani bado haujapamba moto. Ukipaka vanishi Septemba, jiandae kuishi na ngazi yenye chunusi.

1. Jua kilichopakwa na kilichooza

Chagua kona isiyoonekana. Lowesha kitambaa kwa spiriti, usugue. Ikilainika na kunata, ni polishi ya zamani ya mafundi, ile inayoyeyushwa kwa spiriti. Isipolainika, jaribu thina. Ikiyeyuka kwa thina, ni laka, yaani vanishi ya kukauka haraka. Ikigoma kote kuwili, una rangi ya mafuta au vanishi ngumu, na hapo utahitaji rimuva, dawa ya kuvua rangi.

Kisha chukua bisibisi, uchomechome chini ya kila kidato na kwenye boriti za pembeni, hasa zinapogusa sakafu na ukuta. Wenyeji wa Dodoma hatuhitaji kuhubiriwa habari za mchwa. Bisibisi ikizama kama kwenye keki, acha habari za vanishi, tafuta fundi abadilishe ubao.

2. Ondoa nta kwanza, kabla ya msasa

Hapa ndipo nilipopoteza siku mbili. Nilianza na msasa moja kwa moja juu ya ile polishi nyekundu, ambayo ni nta. Ndani ya dakika tano msasa ulikuwa umeziba, unateleza kama karatasi ya kalenda, na joto la kusugua lilikuwa linaisukuma nta ndani ya mbao. Nta ikibaki, vanishi haishiki. Inajikusanya na kuacha vishimo kama macho ya samaki.

Dawa yake ni tapentaini na stiliwaya. Lowesha, sugua kwa kufuata nyuzi za mbao, futa kwa kitambaa safi, rudia. Kitambaa kikitoka bila wekundu, umemaliza. Usitumie mafuta ya taa, yanaacha utelezi wake. Mimi nilimaliza mashati mawili ya zamani na fulana ya kampeni.

3. Kuvua rangi

Rangi nyingi za mafuta za miaka ile zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, kwa watoto kuliko kwa yeyote. Kwa hiyo rangi ya zamani usiisugue kwa msasa ikiwa kavu. Paka rimuva kwa wingi, brashi ipite mara moja tu bila kurudirudi, kisha funika kwa nailoni. Hewa yetu ni kavu mno. Bila nailoni rimuva inakauka kabla haijafanya kazi. Baada ya dakika ishirini hivi rangi inajikunja yenyewe, unaikwangua kwa kisu cha puti kilichopunguzwa makali ya pembe ili kisichimbe. Taka zake zifungie kwenye mfuko, usizifagilie uani wanakochezea watoto. Fungua madirisha, vaa glavu za mpira.

Nilivua vidato vitatu kwa siku, nikavisafisha kabisa kabla ya magharibi. Usiku watu walipanda juu ya mbao tupu, si juu ya rimuva.

Mafundi wengine watakuambia kostiki soda ni nafuu. Ni nafuu kweli, ila inaunguza mikono na inaufanya mninga uwe mweusi. Mwingine atakuja na grinda yenye diski ya msasa. Wa kwangu alikuja nayo. Nilienda kumpokea mgeni getini, niliporudi kidato cha sita kilikuwa na kovu la mwezi mchanga, kina chake unaweza kulaza punje ya mchele. Lipo hadi leo. Wanafunzi wangu wanasema hicho ndicho kidato cha sita pekee ambacho mwalimu amewahi kukifelisha.

4. Milio na misumari

Kiangazi mbao zinasinyaa, kidato kinaachana na boriti na kuanza kulia. Mtume mtu apande taratibu, wewe kaa chini usikilize. Palipolia, toboa kwanza kwa keekee nyembamba, kisha kaza skrubu hadi kichwa kizame chini ya uso wa ubao. Mninga hauna huruma. Ukipiga msumari bila kutoboa, unapasuka. Misumari ya zamani iliyochomoza izamishe kwa kipande cha chuma na nyundo, maana mmoja tu unatosha kuchana msasa wote wa mashine.

Mashimo nilijaza kwa unga wa mbao hiyo hiyo uliochanganywa na gundi nyeupe.

5. Msasa

Namba 60, wenye chembe nene, kwa pale palipoharibika tu, kisha 80, 120, na uishie 150 au 180. Usiendelee zaidi, uso ukiwa laini kama kioo vanishi inakosa pa kushika. Fuata nyuzi za mbao siku zote. Mchoro wa kukata nyuzi hauonekani leo, ila ukipaka vanishi unajitokeza kama mkwaruzo wa paka.

Ujanja nilioupenda: chora mistari ya penseli ubao mzima, kisha sugua hadi mistari yote iishe. Penseli ndiyo itakayokuonyesha ulipopita na ulipopapasa tu.

Katikati ya kila kidato kuna bonde dogo lililochimbwa na miguu. Usihangaike kulisawazisha, utamaliza ubao. Mimi nikiweka kiganja pale nasikia miaka arobaini na kitu ya watu wakishuka kwenda kufungua mlango.

Vaa barakoa. Vumbi la mninga linachokoza pua na kifua, na mwenye pumu asikae karibu. Nilipofika namba 120 kwenye kidato cha pili, rangi ya asali yenye mistari ya kahawia ikatokea, mke wangu akasimama pale na ndoo ya maji kichwani akasahau kuitua.

6. Vanishi

Nunua ya poliurethani, ya sakafu. Hesabu ni hii: kidato changu kina upana wa mita 1 na kina cha sentimita 30, na ubao wake wa kusimama ni sentimita 18. Vidato 14 ni karibu mita za mraba 7. Mikono mitatu, yaani kupaka mara tatu, ni mita 21. Lita moja hupaka mita kama 10 hadi 12, basi lita mbili zinatosha, na tone la kurekebishia linabaki. Muuza duka alinishauri lita nne, nikamshukuru nikachukua mbili.

Usiku wa kuamkia siku ya kupaka, futa vumbi lote kwa kitambaa chenye tapentaini kidogo, si kwa ufagio. Nyunyizia maji sakafu ya chini, funga madirisha ya upande wa upepo. Anza asubuhi. Mkono wa kwanza uzimue, tapentaini sehemu moja kwa vanishi tisa. Inayofuata paka kama ilivyo, na kati ya mkono na mkono pitisha msasa namba 220 kwa wepesi, kisha futa.

Sasa lile swali la usiku. Paka mbao za kusimama na nguzo za pembeni siku yake, hazikanyagwi. Halafu vidato vya kukanyaga paka kimoja, ruka kimoja: leo 14, 12, 10, kushuka hadi 2. Kesho yake, vya jana vikishakauka, paka 13, 11, 9. Watu wanapanda kwa kuruka. Kwenye kila kidato kibichi weka karatasi ukutani yenye alama ya X.

Alama zangu zilikuwa nzuri. Usiku umeme ukakatika. Asubuhi kidato cha nne kilikuwa na unyayo mdogo, vidole vitano bila kisigino. Mwenyewe alikuwa ananyata. Nilisubiri siku mbili, nikasugua, nikapaka upya.

Kwa soksi, kanyaga baada ya saa 24. Viatu na kuburuta vitu, subiri wiki.

Jambo la mwisho, tafadhali lisikupite: ukitumia mafuta ya kitani popote kwenye kazi hii, vitambaa vyake usivirundike. Vinapata joto vyenyewe na vinaweza kuwaka bila kiberiti. Vitandaze nje vikauke au vizamishe kwenye ndoo ya maji.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama Tausi, Kondoa: Shikamoo mwalimu. Mimi sina nguvu za kuvua rangi yote hiyo. Naweza kupaka rangi mpya juu ya ile ya zamani?

Marahaba mama. Unaweza, kama ya zamani imeshika. Chana alama ya msalaba kwa wembe, bandika selotepu, ivute kwa nguvu. Isipobanduka, osha kwa sabuni, suuza, sugua kwa msasa wa maji ili vumbi lisiruke, paka andakoti, ile rangi ya kwanza ya kushikisha, kisha rangi. Ila katikati ya vidato itaanza kuliwa na miguu mapema kuliko vanishi kwenye mbao tupu.

Mzee wa Singida: Zangu zina vitundu vidogo kama ncha ya sindano. Kila asubuhi nakuta unga chini.

Mzee wangu, unga mpya kila asubuhi maana yake wadudu wako hai. Weka dawa ya wadudu wa mbao baada ya kuvua rangi na kabla ya vanishi, kwa sababu vanishi ikishaziba, dawa haiingii tena. Fagia, weka karatasi nyeupe chini, angalia wiki kadhaa. Unga ukirudi, rudia dawa.

Kijana wa Ilazo: Mkuu, fundi wangu anasema klia ya NC inakauka nusu saa na tunamaliza siku moja. Kwa nini nisubiri wiki?

Fundi wako hasemi uongo, klia ya NC ni aina ya laka, inakauka. Kwa kitanda na kabati ni nzuri sana. Kwa mbao zinazokanyagwa na mchanga wa Dodoma chini ya viatu, inakwaruzika na kumenyeka mapema.

Fundi Mpwapwa: Mwalimu umefundisha vizuri, ila hapo kwenye unga wa mbao na gundi umetuangusha. Gundi ikisambaa nje ya shimo, inaziba mbao na vanishi inaacha doa jeupe. Na wewe mwenyewe unayo, bisha.

Sibishi, fundi. Ninayo matatu, kidato cha tisa. Wewe unafanyaje?

Fundi Mpwapwa: Nachanganya unga na ile vanishi yenyewe, najaza kidogo kidogo, kila tabaka likauke. Shimo kubwa nakata kizibo cha mbao ile ile, nyuzi zikielekea upande mmoja.

Dada Rehema, Manyoni: Ngazi yetu ni ya msaji. Vanishi niliyopaka siku ya nne bado inanata.

Msaji una mafuta yake ya asili, yanazuia vanishi kukauka na kushika. Ivue hiyo inayonata, futa mbao kwa thina hadi kitambaa kisitoke na rangi, na upake ndani ya saa hiyo hiyo kabla mafuta hayajapanda tena juu.

Mama Tausi, Kondoa: Narudi tena mwalimu. Nina bibi wa miaka themanini. Vanishi haitamtelezesha?

Inayong'aa sana itamtelezesha, hasa akiwa na soksi. Nunua isiyong'aa au ya nusu mng'ao, na ukingoni mwa kila kidato bandika utepe wa kuzuia utelezi, ule wenye chembechembe kama msasa. Na kabla ya uzuri wowote tikisa reli ya kushikia. Ikicheza, anzia hapo.

Kijana wa Ilazo: Na baada ya miaka mingapi nirudie yote haya?

Si yote. Angalia katikati ya kidato cha kwanza na cha pili, ndivyo vinavyobeba mchanga wote wa nje. Vikianza kufifia, kabla mbao haijaonekana, pitisha namba 220, futa, mkono mmoja tu wa vanishi. Mbao ikishaonekana, unarudi kwenye kukwangua. Na weka zulia dogo la kufutia miguu pale chini leo leo, usisubiri vanishi.