Hema la watoto la kuchezea ndani: jinsi ya kulitengeneza lisianguke

Mahema mengi ya kutengeneza nyumbani huangushwa na dhana moja: kwamba kitambaa ndicho kinachoizuia miguu isiteleze. Hakiizuii. Katika hema la umbo la herufi A, umbali kutoka mti wa juu hadi ncha ya chini ya mguu ni uleule, miguu ikibanana au ikitanuka. Kwa hiyo kitambaa, hata ukikikaza vipi, hakina habari na kutanuka huko. Kwenye sakafu ya vigae mtoto akiegemea kidogo tu, mbao zinaachana na mti wa juu unamshukia kichwani. Kinachoizuia miguu ni mikanda miwili ya chini, nayo ndiyo watu wengi huiruka.

Vipimo vya hapa vinawatosha watoto wawili wa miaka 3 hadi 7. Kimo ni sm 98 hadi mti wa juu, upana wa chini sm 90, na urefu wa ndani takriban mita 1.

Vinavyohitajika:

- Mbao 4 zilizopigwa randa, kila moja urefu wa sm 120, upana sm 5, unene sm 2.5
- Mti wa mviringo 1, urefu wa sm 120, kipenyo kama milimita 25 (mpini wa fagio ulionyooka unafaa)
- Kitambaa cha pamba cha sm 106 kwa 214. Shuka la kitanda kimoja linatosha na kubaki
- Mkanda usiovutika, kama wa begi, vipande 2 vya sm 95
- Lastiki ya upana wa sm 1, vipande 4 vya sm 14
- Utepe wa kitambaa, vipande 3 vya sm 30
- Skrubu 4 fupi na washa zake (visahani vya chuma vya kukaa chini ya kichwa cha skrubu), msasa namba 120 na 180, na vipande vya tyubu kuukuu ya baiskeli

Anza na kitambaa kwa kukifua na kukianika kabla ya kukipima. Pamba hurudi ikifuliwa, na kitambaa kilichokatwa kabla ya kufuliwa hukosa kufika chini baada ya kufuliwa mara ya kwanza.

Sasa mbao. Kwenye kila moja pima sm 12 kutoka ncha ya juu, katikati ya upana, utie alama. Usipime kila ubao kwa tepu. Weka alama kwenye ubao wa kwanza, kisha panga nyingine pembeni yake na uhamishe alama hiyo kwa pembe mraba. Matundu yakipishana hata milimita 5, mguu mmoja utaning'inia na hema litayumba kama meza mbovu.

Toboa kwanza tundu dogo la milimita 3, halafu ulipanue kwa biti pana. Ncha ya biti ikichungulia upande wa pili, simama, geuza ubao, umalizie kutoka huko. Ukipitiliza moja kwa moja, ubao utachanika. Kabla ya kuchagua biti, upime mti wenyewe, maana mipini hailingani. Tundu lizidi mti kwa milimita 1 tu. Likiwa pana zaidi, hema zima hulala mbele na nyuma kila linaposukumwa. Likibana, sugua ndani yake kwa msasa uliozungushiwa penseli. Ubao wenye fundo karibu na tundu usiutumie, kwani hapo ndipo utakapovunjikia.

Piga msasa namba 120 kisha 180, hasa kwenye pembe za ncha za juu. Hizo hukaa usawa wa macho ya watoto, kwa hiyo ziviringe kabisa. Rangi si lazima, na ukipaka, iache ikauke hadi harufu iishe.

Pitisha mti kwenye matundu ya mbao. Kila mwisho wa hema una mbao mbili zinazopishana: moja hukaa nje, nyingine ndani. Mbele, ubao wa kushoto ukikaa nje, basi nyuma wa kushoto ukae ndani. Ukiziweka zote za kushoto nje, upande huo utakuwa mrefu kuliko wa kulia kwa sm 5, na kitambaa kitakunjamana upande mmoja na kuvutika mwingine. Acha mti utokeze sm 4 kila mwisho. Ili usichomoke, toboa kitundu cha milimita 6 kwenye sehemu iliyotokeza, utie kijiti na gundi ya mbao. Usitumie msumari.

Simamisha fremu, tanua miguu hadi sm 90 kutoka katikati ya mguu hadi katikati ya mwenzake, uishike kwa kamba ya muda. Utaona kila mguu unagusa sakafu kwa ukingo tu. Laza kipande chembamba cha mbao sakafuni, kiguse mguu, uchore mstari kwenye mguu kwa kufuata uso wa juu wa kipande hicho. Kata hapo, mkato utakuwa wa kama nyuzi 25, na wayo wote utakaa chini. Gandisha kipande cha tyubu chini ya kila wayo.

Mikanda ndiyo inayofuata: mmoja mbele, mmoja nyuma. Kunja ncha za mkanda ziwe na unene mara mbili, kisha ufunge kwa skrubu na washa kwenye ukingo wa ndani wa kila mguu, sm 2 kutoka chini. Kati ya skrubu na skrubu ibaki sm 83. Toboa kwanza vitundu vya skrubu, maana ncha ya ubao hupasuka upesi. Lastiki haifai hapa, kwani ikivutika miguu inaondoka nayo. Mkanda una faida nyingine: haukatazi hema kukunjwa.

Turudi kwenye kitambaa. Kosa la kawaida ni kukikata kwa upana wa fremu ya nje. Juu, mbao hupishana na kutokeza, kwa hiyo kitambaa hakina budi kupita katikati yao, na nafasi hapo ni sm 102 tu. Pinda sm 3 kila ukingo. Kitabaki sm 100 kwa 208. Kwenye kila pembe shona lastiki iliyokunjwa kuwa kitanzi, ukirudia mshono mara tatu, kisha uivalishe kwenye mguu, juu ya skrubu. Kitambaa kitaishia kama sm 4 juu ya sakafu, na lastiki itakivuta. Tepe tatu zishonwe kwenye mstari wa katikati, upande wa ndani, zifungwe kwenye mti wa juu na ncha zinazozidi zikatwe. Bila hizo kitambaa huteleza upande mmoja kila mtoto anapokivuta.

Tandika mkeka au kigodoro chembamba kipite juu ya mikanda, watoto wasijikwae.

Lijaribu kabla ya kuwaita: bonyeza katikati ya mti wa juu kwa mikono miwili, kisha usukume kutoka ubavuni. Likilala ubavuni, kaza mikanda. Likiyumba mbele na nyuma, tatizo ni matundu mapana au lastiki zilizolegea; fupisha lastiki kwanza, ni rahisi zaidi.

Miisho yote miwili ibaki wazi hewa ipite, na nailoni isitumike badala ya pamba. Mwanga uwe wa taa ndogo ya betri. Mshumaa au taa ya umeme inayopata moto isikaribie, wala hema lisiwekwe karibu na jiko. Usitundike kamba ndefu wala vitanzi vinavyoweza kupita kichwani. Mtoto mchanga asiachwe humo peke yake, hata akiwa amelala.

Kulihifadhi, vua lastiki za upande mmoja, sukuma miguu ikutane, uegemeze ukutani nyuma ya mlango. Kila mwezi angalia skrubu za mikanda. Ndizo hulegea kwanza.